Chombo cha Nyuso Mbili

Gurei, Juba

Kwa kaka yangu Kuany,

Nakusalimu kwa upendo, wewe, wifi Akur na watoto. Je, magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya Nakuru? Mimi mwili ni mzima. Barua hii nimempa Flavia, Mganda mwenye duka jirani yetu, anayesafiri kupitia Nakuru, maana simu yako Mama huipokea kabla yako.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini. Kule ng'ambo wanajenga mtambo wa kutoa nyutroni, chembe ndogo sana zinazopenya chuma na kuonyesha yaliyomo ndani. Zikitoka huwa na kasi mno, hazifai kitu. Lazima kwanza zipite kwenye chombo chenye hidrojeni ya baridi kali, zigonganegongane humo hadi zipoe. Chombo hicho ndicho ninachokisanifu, kwa kompyuta, hapa hapa Gurei, jenereta ikikubali. Taabu ni kwamba kila kifaa cha uchunguzi kitakachozipokea kina matakwa yake. Wanaochunguza dawa wanataka nyutroni nyingi za polepole, kwa hiyo chombo kinene. Wanaotafuta nyufa ndani ya vyuma wanataka zifike kwa mkupuo mfupi, kwa hiyo chombo chembamba, hata kama nyingi zitapotea.

Mwezi uliopita mkuu wetu, Douglas, alisema nafasi ni ya chombo kimoja tu, na kwa kuwa watu wa dawa ni wengi, watu wa vyuma wasahau. Zamani ningekubali, kwani nilikuwa upande wa dawa. Safari hii nilikataa. Nilichora upya hadi nikapata chombo chenye nyuso mbili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, katikati bamba la kumeza nyutroni zinazochelewa. Watu wa dawa watapoteza kidogo. Douglas aliuliza kwa nini nang'ang'ania vyuma kiasi hicho. Nikamjibu, "Kuna nyufa ambazo jicho halizioni."  Wameupitisha mchoro huo.

Sasa keti, kaka. Mdogo wetu Marial hayuko Wau kama nilivyowaambia. Alipanda ndege ya mizigo kwenda huko, nayo ikaanguka punde tu baada ya kuruka. Jok, fundi aliyekusanya mabaki, alinionyesha kipande cha injini: ndani ufa wa zamani ulioshika kutu, nje rangi mpya. Marial tulimzika makaburini huko Kator, hapa hapa Juba, mimi, Jok na padri. Mama alipopiga akimtafuta, sikumwambia ukweli. Nikasema mtandao wa Wau ni mbovu, na tangu hapo kila Jumapili nasema vilevile.

Wala usidhani kazi yangu itawaokoa wengine wa hapa. Injini za ndege zetu hakuna atakayezipeleka kule kuchunguzwa. Nalijua hilo, na bado nilichora.

Mwambie Mama wewe, asubuhi, wifi Akur akiwa karibu. Mwache alie kwanza ndipo umpe simu azungumze nami. Akiuliza nani alimwosha mwanawe, mwambie ni mimi, kwa mikono yangu.

Mungu awashike nyote.

Dada yako,
Adeng