Dang'a Iliyomwagwa

12 Machi

Mdogo wangu,

"Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ni nzito mno kwa tumbo la ndama. Kamua umwage, na kwa siku mbili mpe maziwa ya ng'ombe mwingine." Maneno yako hayo, ukurasa wa tatu wa kijitabu unachowagawia wafugaji wa ushirika. Natumaini u mzima, na mama hajambo. Mimi mzima, ila nimekasirika.

Ni uongo. Ndama huzaliwa damu yake ikiwa karibu haina kinga. Kinga huiazima kwa mama yake, ndani ya hiyo dang'a, na utumbo huipokea kwa saa chache tu, kisha mlango unafungwa. Usiniambie ndama wako wengine walinyimwa na bado wakapona. Walikuwa na bahati.

Mama kanipigia simu. Ndama wake, ambaye wewe ulimnyima dang'a, amevimba kitovu na anachechemea mguu wa nyuma. Mlete hapa kliniki yangu ya mifugo kesho.

Dada yako

29 Machi

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anauliza kama huko unakula, maana barua yako imeandikwa na mtu mwenye njaa.

Ndama amechomwa sindano siku tano, homa imeshuka. Uvimbe wa goti umekuwa mgumu, nikiuminya hashtuki. Damu nimeipeleka maabara: chembe nyeupe ziko kawaida. Vita vimekwisha, askari wamerudi kambini. Wewe umezoea darubini, unaona ugonjwa hata kwenye chai. Huku watu wananiita Profesa. Ni wewe tu unayeniona mjinga.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Chai yangu haina neno, na mwambie mama nakula.

Profesa, askari hawajarudi kambini. Wamefungiwa nje. Vijidudu viliingia kwa kitovu, vikasafiri na damu hadi kwenye mfupa unaokua. Chembe nyeupe zikavifuata, zikapigana, zikafa, na maiti zao ndizo usaha. Mfupa hautanuki kama nyama, kwa hiyo usaha ukabana mishipa, na kipande cha mfupa kikafa. Kilichokufa hakifikiwi na damu, na damu ndiyo barabara ya askari na ya sindano zako pia. Mwili ukajenga mfupa mpya kukizunguka. Huo ndio ugumu unaoushangilia. Ni ukuta, na adui yuko ndani.

Mlete mguu upigwe picha ya eksirei. Bado tunaweza kupasua na kukitoa. Kila wiki unayobishana inakula mguu wa ndama wa mama.

Dada yako

21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, ila hasemi nami.

Mguu ulivunjika jana, ndama akiinuka tu kwenda kunyonya. Tukamwita mchinjaji. Alipoupasua mfupa alinipa kipande kikavu, cheupe kama chaki, kimelala ndani ya usaha. Akaniambia, "Huyu alikuwa anaoza huku anatembea, Profesa." Hakuwa anacheka.

Najua ulinionya, usirudie. Lakini kijitabu siwezi kukikana. Nakala mia tatu zimeshagawiwa. Mwenyekiti wa ushirika atanionaje?

Mdogo wako

5 Mei

Mdogo wangu,

Pole, na mama mpe pole yangu. Nimesubiri wiki mbili ubadilishe mawazo. Umekishika kile kipande kwa mkono wako, na bado unayemwogopa ni mwenyekiti.

Kesho nakuja kubandika karatasi hii kwenye mlango wa kituo cha kukusanyia maziwa. Nimeweka jina langu, na chini nimeacha nafasi ya lako.

"Ninyi mia tatu mliopewa kijitabu cha ushirika: chaneni ukurasa wa tatu. Ndama akizaliwa, chovyeni kitovu chake kwenye ayodini, na anywe dang'a ya mama yake ndani ya saa sita za kwanza. Na wewe ambaye ndama wako ameshavimba goti, usimsikilize anayekwambia amepona, hata kama ni mdogo wangu. Mlete kliniki leo."

Dada yako