Baba wa Aline Amesoma

Jumatatu, 6 Oktoba
Blogu za wanafunzi wangu zimeingia zote isipokuwa tatu. Wenyewe wanadai intaneti ilikatika. Wote watatu, jioni moja. Haya.

Wiki hii walisoma sura ya tatu ya riwaya yetu: baba anamfukuza mwanawe kwa kuacha masomo. Niliwaambia waandike walichohisi, si muhtasari. Wengi wameandika muhtasari.

Aline hakuandika muhtasari. Ni yule msichana wa dirishani ambaye hajanyoosha mkono tangu muhula uanze. Ameanza hivi: "Huyu baba namjua. Nakura naye." Halafu akaeleza kwamba kaka yake aliacha chuo, akaenda kufanya kazi kiwandani Masoro, na baba yao amekataza jina lake lisitajwe nyumbani. R na L zimebadilishana viti kila mahali. Sikuzigusa. Nimesoma mara mbili.

Jumatano, 8 Oktoba
Wenzake wamejaza maoni chini ya blogu yake. Hakuna dhihaka. Leo amenyoosha mkono. Sauti ndogo, lakini amenyoosha. Nilifurahi mpaka nikapita mtaa wa Biryogo kula mishikaki, ambayo hapa wanaiita brosheti.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mambo yameharibika.

Blogu ziko wazi kwa yeyote. Nilitaka shule nyingine nazo zisome. Shangazi yake Aline ameisoma, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Baba ameiona. Aline hakuja shule.

Mkuu wa shule anataka blogu zote zifutwe. Nimemwomba nionane na mzazi kwanza. Amekubali bila kupenda. Naogopa. Mimi Mtanzania, mgeni nchi hii, mkataba wangu wa mwaka mmoja. Lakini ninayemwogopea zaidi ni mtoto.

Ijumaa, 10 Oktoba
Baba amekuja. Mrefu, shati limenyooshwa vizuri. Anauza vifaa vya ujenzi Kabeza, amekulia Uganda. Aline nyuma yake, macho chini. Mkuu alianza kuomba radhi mzee hata hajakaa.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mwalimu, ni wewe umemwambia aandike mambo ya nyumba yangu?"

Nikasema nilimwambia aandike alichohisi aliposoma. Kuiacha blogu wazi kwa watu wote ni kosa langu, si lake.

Akavuta kiti, akakaa. Kisha: "Na huyo muzee wa kitabu, iko mubaya sana?"

Nikampa nakala yangu. "Soma mwenyewe, mzee."

Akaifunua katikati, akakunja uso. "Kiswahili yangu ni ya barabarani. Hii iko ngumu."

"Aline atakusaidia."

Aline akainua macho. Mkuu akanitazama kana kwamba nimepagawa. Mzee akaondoka na kitabu kwapani. Sijui kama nimefanya ujasiri au ujinga.

Jumatatu, 13 Oktoba
Blogu zimebaki. Zinafunguka kwa darasa letu tu. Mkuu ametosheka.

Aline amerudi. Nilimuuliza kama nyumbani kuna amani. Akasema baba hamsemeshi, ila kwa maneno ya kitabu. Anakaa sebuleni anasoma kwa kidole, akikwama anamwita. Jana aliuliza kinyongo ni nini.

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia, mwalimu. Akafunga kitabu, akatoka nje."

Nimeshinda na wasiwasi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Hakuna habari. Nimeona haya kuuliza. Si kazi yangu kuingia nyumba za watu, na tayari nimeingia.

Jumatano, 22 Oktoba
Mvua kutwa. Nusu ya darasa wamelowa.

Aline alinisubiri mlangoni baada ya kipindi. Kaka yake alikuja Jumapili kula. Baba ndiye aliyempigia simu. Hakuna aliyeomba msamaha, hawakuongea sana. Baba alimwongezea nyama kwenye sahani. Basi. Alipomaliza kunieleza akaenda zake kumuwahi rafiki yake mwenye mwavuli.

Blogu yake ya wiki hii ni fupi. Inamhusu mama wa kwenye riwaya. Anasema mwandishi amemsahau jikoni. Ya nyumbani hakuandika.

Nimemjibu: "Nionyeshe ukurasa alipomsahau." Kisha nikafungua ya mwenzake.