Mshale Uliosimama kwenye Thalathini

Baba,

Niliuona mshale umekwama, na sikusema. Sijamwambia Mama, sijamwambia mtu yeyote. Watu wanajua kwamba mashine ya vitana ilipasuka mkono wako ukiwa juu yake. Hawajui kwamba mimi, niliyekuwa nimekaa nyuma yako, nilijua kabla.

Nilidhani nitakuandikia nikilia. Kumbe kilichobaki ni hasira tu. Namkasirikia tajiri wako. Najikasirikia mwenyewe. Na Mungu anisamehe, nakukasirikia na wewe.

Nilipomaliza darasa la nane nikakosa pa kwenda, ulinichukua karakana kwa kuwa mtoto wa jicho alikwisha kukuzidi na hukuweza tena kuisoma saa ya presha. Ulinieleza kwamba plastiki ikiyeyuka ni kama uji mzito, na humo ndani ya chuma hatuuoni; mshale ndio unaotwambia. Ukipanda taratibu, uji unatembea. Ukiruka ghafla hadi kwenye alama ya arubaini, kitana kimejaa, achia mkono. Ukirudi sifuri, anza kingine. Nikawa nasema "Basi, Baba," kwa sauti ndogo, nawe unaachia. Ulikuwa ukinitania kwamba Wete nzima ni mimi peke yangu ninayekodolea saa isiyojua hata adhuhuri.

Lakini wakija wanaume wageni, sauti yangu ilikuwa mwiko. Tukapatana nigonge ubao mara moja mshale ukifika kwenye alama. Nisipogonga, wewe endelea kukandamiza. Ishara nyingine, ya kukwambia simama, hatukuiweka. Kwa nini hatukuiweka, Baba?

Wiki ile plastiki ilikuwa ikiganda kwenye kishingo, kibomba kinachokwenda kwenye saa. Nilikusikia ukimwomba tajiri nusu siku tu, mashine isimame, ukitie moto kishingo na kukisafisha. Akacheka. "Mzee, saa ikilala, amka wewe." Ukacheka naye. Hilo nalo nakukasirikia.

Asubuhi ya ajali tajiri akaja na karani wa Bwana Diisii, mkuu wa wilaya, na wageni wawili kutoka Unguja, awaonyeshe kwamba Pemba nayo inatengeneza vitu vya plastiki, si machanuo ya mti tu. Nikajifunika buibui, nikainama. Kitana cha kwanza kilitoka kizuri, kikapita mikononi mwao. Mshale ulishuka, lakini haukufika sifuri. Ulisimama kwenye thalathini kama umechorwa.

Ukaanza cha pili. Ukakandamiza, thalathini. Ukaongeza, thalathini. Chuma kikaanza kulia. Nilijua kwamba uji unasukuma na saa haina habari. Ningegonga tu, ungeachia. Lakini uliniambia nisigonge kabla ya alama, na kitana kingetoka nusu, ukaaibika mbele ya wageni. Kukwambia kwamba mshale umekwama kulitaka mdomo. Niliufungua. Karani akageuka kunitazama, nikaufunga.

Ukauchukua ukimya wangu kuwa ni amri. Ukaweka uzito wako wote.

Siku ulizokaa hospitali nilikuwa nikikuosha vidole vya miguu, maana ndivyo pekee vilivyokuwa vizima. Hukuniuliza kitu. Heri ungeniuliza.

Kwenye khitma yako tajiri alikaa barazani akawaambia watu kwamba uzeeni ulikuwa mzembe, huangalii saa. Nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nasikia kila neno. Shangazi Bi Time akanipapasa kichwa, akawaambia wanawake, "Mtoto wa marehemu ana haya huyu. Hata siku ile hakupiga ukelele." Wakanisifu, Baba. Wakanisifu kwa lile lile. Nilikuwa nimeshika sahani ya wali na nilitaka kuivunja sakafuni.

Sasa sikiliza lililonifanya niandike. Tajiri ameitengeneza mashine, ameitia mdomo mpya mahali pa ule uliopasuka, na amempa kazi Mzee Faki wa Wambaa, yule aliyekuwa akikuletea pweza mkavu. Jana nilikwenda kuchukua kofia yako. Mashine ilikuwa baridi, hakuna mkono juu yake. Nikaitazama saa. Thalathini. Ni ile ile, na kishingo ni kile kile. Mzee Faki akanifuata kwa upole, akaniomba nimfundishe kuisoma, kwa sababu Jumamosi anaanza na hataki kuwa mzembe. Hilo ndilo aliloambiwa kuhusu wewe. Nami nikatazama chini, nikasema nitakuja siku nyingine. Nikatoka.

Usiku kucha nimejichukia.

Uliniambia mwanamke mwenye haya sauti yake haivuki kizingiti. Nilikuamini, na nilikuwa hodari wa kukutii. Kesho Jumamosi asubuhi nitaingia karakana kwa mlango wa mbele. Nitasema mbele ya tajiri na Mzee Faki, na mwanaume mwingine yeyote atakayekuwepo, kwamba saa imekufa, kwamba uliomba isafishwe ukachekwa, na kwamba mimi niliona nikanyamaza. Nitasema mpaka Mzee Faki aondoe mkono kwenye ile mashine. Nakuahidi. Mama ataona aibu. Wewe kama utaona aibu, sijui, Baba. Sitakuuliza ruhusa.

Mungu akulaze pema. Nakupenda na nimekukasirikia, na vyote viwili ni kweli.

Ila nakuomba, mpaka kesho hili liwe letu wawili. Huko uliko usimwambie hata Bibi. Namjua mama yako. Asije akaniombea dua ninyamaze.

Mwanao,
Asha