Sori ya Festo

Jumatatu, 15 Aprili 1996
Kidato cha Kwanza B, vipindi viwili. Neno la leo la Kiingereza: sori. Nimewaeleza. Umemkanyaga mtu, sori. Hukusikia alichosema, sori. Mwenzako kafiwa, sori. Zena wa dawati la mbele akauliza, "Sasa madamu, aliyeua na aliyekuja msibani wanasema neno moja?" Darasa zima likacheka. Nikafuta ubao.

Juzi Jumamosi mchumba wangu Festo alikuwa alete wazee wake kupanga siku ya ndoa. Wajomba zangu walitoka Malinyi na mafuriko haya. Mama alipika wali na kambale. Chakula kikapoa. Hawakuja.

Jumanne, 16 Aprili
Festo kanikuta langoni mwa shule. "Sori, Ditha. Nilipitiwa." Kama mtu aliyeangusha kikombe. Halafu akaanza habari za mashine ya mpunga anakofanya kazi. Nikaitikia kwa kichwa. Najichukia.

Alhamisi, 18 Aprili
Baba kasema mara moja tu. Festo aje na mzee wa kwao, wakae mkekani, waombe radhi. Mwisho Jumapili. La sivyo posa inarudi. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 19 Aprili
Nimemfuata Festo kwake Kibaoni. Nimemsihi. Akacheka. "Si nilishasema sori? Mwalimu mzima unataka mambo ya mkekani?"
Nikamwambia sori ile nilipewa mimi. Baba hakupewa. Wajomba waliovuka maji hawakupewa.
"Basi wafikishie."
Nampenda. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 21 Aprili
Mkeka umetandikwa tangu tulipotoka kanisani. Mvua. Hakuna mtu. Jioni mama kaukunja bila kunitazama.

Jumatatu, 22 Aprili
Baba alitaka kumtuma mshenga. Nimekataa. Vitenge viwili na jembe, vitu vya posa, nimevipeleka mwenyewe kwa mama yake Festo. Alikuwa uani, anapepeta mchele. Nikapiga goti, nikaamkia. Alipoona nilichobeba akaweka ungo chini.
"Tusamehe, mwanangu. Tumewakosea wazazi wako."
Nilitaka kujibu kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Nikaketi kando yake, tukachagua chuya mpaka aliposema inatosha.