Inaita Mara Mbili

Chumba cha ghorofani,
Nyuma ya duka la dawa,
Huku huku ugenini.

Jumapili ya mwisho wa mwaka

Mpendwa binamu Chaji,

Salamu nyingi, na natumaini zinakukuta mzima, umekaa kibandani kwako katikati ya nyaya, simu za watu zimekuzunguka zikinywa umeme. Mgongo unaendeleaje? Na mama watoto, bado anakusema kwa kuacha vikombe chini ya meza? Mimi mwili hauna neno. Kikohozi kilinishika baridi ilipoanza, kikaniachia chenyewe. Roho ndiyo sina hakika nayo, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Jambo hili ningekusimulia kwenye simu ungenikatiza na utani wako kabla sijafika popote. Barua anakuletea mwenzangu wa kazini anayekuja likizo. Mpe maji ya kunywa na usimuulize mshahara.

Huku ni msimu wa likizo. Wenye ofisi wamefunga, wameacha makoti vitini na vikombe visivyooshwa, na jengo zima tumebaki mimi na mlinzi wa mlangoni. Nasugua sakafu ambazo hakuna aliyezikanyaga. Juzi nilijikuta nabisha hodi ofisini kwa mhasibu, nikasimama nangoja mtu aseme karibu. Mlinzi akaniuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na ndoo.

Sikukuu zikikaribia, unajua mwenyewe, wapenzi wa zamani wanafufuka. Fundi bomba, yule aliyeniacha eti nacheka sana, kanitumia salamu ndefu, na mwishoni kaandika saizi ya kiatu chake. Bwana Kesho, aliyekuwa aje kujitambulisha nyumbani tangu sijaota hata unywele mmoja mweupe, anauliza kama bado nina nafasi moyoni. Nimemjibu kesho. Hao hawanisumbui. Nawasoma, nacheka, nafuta.

Anayenisumbua ni yule asiyeweza kuandika tena.

Usinune. Najua ulitaka jina la fundi makochi lisitajwe kati yetu, nisije nikalia peke yangu ugenini. Wewe ndiye uliyenipa habari za kifo chake, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako, bila mzaha hata mmoja. Nilikushukuru, nikakata simu, nikaenda kazini. Kuna kitu sikukuambia siku ile.

Enzi zetu alikuwa ananisindikiza mpaka mlangoni, halafu anarudi kwao kwa miguu. Akifika ananibipu: simu inaita mara mbili, anakata. Maana yake amefika, nilale. Kupokea ilikuwa mwiko, maana ukipokea umemlia salio lake. Nilipoondoka tuliachana bila ugomvi. Alisema yeye hawezi kuwa mume wa kukaa dirishani anangoja. Lakini laini ya nyumbani nilikuja nayo. Iko kwenye simu ndogo yenye kioo kilichopasuka, na sijawahi kuizima.

Wiki ile ile uliyonipa habari, wewe hujapiga bado, simu ndogo iliita mara mbili. Jina lake kwenye kioo. Nilikuwa nimeshika fagio, nikatabasamu kama zuzu, nikasema haya, amefika. Sikupokea. Sasa, binamu, nikiwa kwenye ngazi za jengo hili tupu, swali linanipanda kifuani. Alikuwa ananibipu, au alikuwa ananipigia? Alikata mwenyewe, au nguvu zilimwishia? Wa kunijibu hayupo.

Na tangu likizo zianze, simu ile imeanza tena. Jioni, jina lake, mara mbili, kimya. Siku ya kwanza nilikaa chini sakafuni na glavu zangu mkononi. Siku ya pili nikasema ni wewe, umepata laini yake, unanitania, nikakutukana moyoni mpaka nikachoka. Naomba radhi. Baadaye nikaamua kuitupa laini. Nilishaitoa, niko nayo mbele ya pipa la taka, nikairudisha. Niliogopa iendelee kuita, na niliogopa vile vile isiite tena.

Alhamisi nikavunja mwiko, nikapokea.

Nilisikia pumzi, na kijiko kinagonga sufuria. Halafu sauti ya mama yake, yule yule aliyekuwa akiniita mkwe mbele za watu mpaka naona haya. Hakunitambua.

"Nani huyo?"

"Shikamoo mama. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Namtafuta mwanangu." Alisema kama mtu anayetafuta miwani aliyoiweka mahali sasa hivi. "Simu ni yake. Mimi nakijua kijani tu. Nabonyeza kijani, nabonyeza tena, inaita. Nasikiliza kidogo, nakata."

Wewe ni fundi, huhitaji kufafanuliwa. Kijani mara mbili inampigia mtu wa mwisho aliyepigiwa. Mtu wa mwisho aliyepigiwa na simu ile ni mimi.

Nilitaka kumwambia mimi ni nani, nikaacha. Nikasema samahani mama, nimekosea namba, mimi niliyepigiwa. Wala hakushangaa.

"Basi mwanangu, nikipiga tena usipokee. Ikiita tu, nasema yuko njiani, hajaisikia. Ukipokea wewe, yeye anakuwa hayupo."

Nilikaa na maneno hayo mpaka mlinzi akaja kuzima taa za ghorofa ile. Nilikuwa nimelia, akajifanya hajaona.

Sasa nakugeukia wewe. Simu haijichaji yenyewe. Ilikuwa imezimika, mtu kaiwasha, na mtaa mzima mnachajia kwako. Kwa hiyo unamwona yule mama anakuja na simu ya marehemu, na hukuniambia. Sikulaumu, ulikuwa unanikinga. Ila kuanzia leo nikinge hivi ninavyokuomba mimi. Usimtoze. Salio lisimwishie, tutaelewana. Usimfundishe kitufe kingine, hata akikuomba. Na simu ile ikiwa kibandani kwako, asiiazime mtu, hata kwa dharura, hata wewe mwenyewe. Ikipiga namba nyingine mara moja tu, kijani hakitamleta kwangu tena. Yeye atampata mtu wa kupokea na kumfokea, na mimi nitabaki na simu isiyolia. Nakujua ulivyo na huruma na watu wanaokuja mbio wakitaka kupiga mara moja tu. Safari hii kuwa mchoyo.

Nisalimie sana shangazi, mwambie dawa yake ya miguu imo kwenye mfuko wa bluu, apake, asinywe. Nisalimie mama watoto na watoto wote, na mjomba, mwambie shati nimelipata na kola yake ni kubwa kama alivyotaka. Mungu awaweke, na kila anayetoka kwenu amfikishe salama anakokwenda.

Nilitaka kuishia hapo, lakini simu ndogo imeita sasa hivi, hapa mezani kando ya karatasi. Mara mbili. Nimeiangalia mpaka jina lake limefutika kiooni, nikasema haya mama, bado yuko njiani.

Ni mimi binamu yako akupendaye,
Cheko