Pilau Iliyonipa Kazi Bukavu

Zaituni mjukuu wangu,

Pokea salamu za Kamembe. Mama yako hajambo, ila mvua imetuchosha. Tangu uniulize kwa nini maombi yako ya kazi nzuri hayajibiwi, situlii, nakaa, nainuka. Nimesoma CV yako: "mchapakazi, mwaminifu, mwepesi kujifunza."

Nami nilijisifu hivyo nilipokuwa msichana, nilipovuka mpaka kuomba kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ya Bukavu. Mpishi mkuu alisema, "Bote banasema hivyo, maman," akamwita mwombaji mwingine. Nilifika kwenye daraja la mpakani, miguu ikakataa kwenda nyumbani. Nikarudi mbio hotelini.

"Papa," nikamwambia yule mpishi, "ku harusi ya dada yangu mvua ilizima moto wa pilau. Nilihamisha masufuria barazani, nikawasha upya, bageni bote bakakula."

Sasa akaniangalia. "Na wali haukuungua?"

"Chini kidogo. Ule nilikula mimi."

Akacheka, akanipa aproni.

Wewe uliendesha duka la shangazi yako peke yako alipolazwa hospitali, na wateja hawakukimbia. Mbona hilo hukuliandika? Liandike leo, kabla hujala.

Bibi yako,
Mwamini