Chembe Zisizoshika

Kaloleni, Nairobi
4 Machi 1985

Mwanangu Javan,

Pokea salamu zetu. Sote wazima, isipokuwa mtoto wa kaka yako Caleb, tuliyemwita Annah. Kitovu chake kilikaa wiki sita bila kudondoka, na sasa pana kidonda kisichotoa usaha wala kupona. Hospitali wanasema damu yake imejaa chembe nyeupe, zile zinazopigana na magonjwa, kupita kiasi. Hawaelewi.

Ndivyo alivyotutoka mtoto wao wa kwanza. Nimemwambia Caleb ugonjwa umetoka kwa mkewe Jecinta, amrudishe kwao Murang'a. Wewe unayesomea damu huko, nisaidie kumshawishi.

Mama yako,
Khavere


London
25 Machi 1985

Mama mpendwa,

Nashukuru mko salama, ila habari za Annah zimeniumiza. Hapa maabara tunachunguza protini iliyo juu ya chembe nyeupe. Kwa protini hiyo chembe hushika ukuta wa mshipa, zikatoka kwenye damu kwenda penye kidonda. Hushika pia seli za saratani na kuziua. Utafiti wetu ulianzia hapo. Wako watoto wachache wanaozaliwa bila hiyo. Chembe zao ni nyingi, lakini hazishiki, zinapita tu. Nadhani Annah ni mmoja wao. Mpe daktari karatasi niliyoambatisha.

Sasa la Jecinta. Mtoto haupati ugonjwa huu mpaka aurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kama nimekisia sawa, Caleb anaubeba bila kuumwa, na aliupata kwako au kwa marehemu Baba. Huenda hata mimi ninao.

Mwanao,
Javan


Kaloleni
17 Juni 1985

Mwanangu,

Hujambo? Usiudhike na kimya changu. Mirriam wa jirani aliponisomea barua yako nilimwambia aikunje. Nilikukasirikia. Daktari alibadilisha dawa, Annah akapata nafuu karibu mwezi mzima, akaanza kucheka. Tulimzika tarehe 29 Mei.

Baada ya matanga Jecinta alifungasha bila kuambiwa. Caleb hakumfuata kwa kuniogopa. Jumamosi nilikwenda mwenyewe. Nilimkuta shambani akichuma kahawa na mama yake. Nikasema, "Ugonjwa ule uko kwetu pia. Nilikulaumu bure." Aliendelea kuchuma mpaka debe likajaa, nami nikachuma upande wa pili wa mti. Jioni akaniuliza basi la kurudi ni saa ngapi.

Ndiye anayeniandikia barua hii.

Mama yako,
Khavere

Shemeji, hapa ni mimi mwenyewe. Mama ametoka kuchota maji. Je, tukipata mtoto mwingine? Niambie kweli, usinipunguzie.

Shemeji yako,
Jecinta